Maswali mnayotuuliza kila siku kuhusu kundi letu la kupuliza, Mwanza

Jamani kwanza asanteni kwa simu na meseji, ila maswali ni yaleyale na mimi ndo napokea simu za kundi zima huku nauza vipuri vya pikipiki dukani, kwahiyo nimekaa na chai yangu nimeyaandika yote hapa, ukikuta swali lako lipo usinipigie tena. Mimi napiga klarineti. Majibu mengine ni mawazo yangu binafsi na wenzangu wana haki ya kunipinga, hasa yule wa obo ambaye hupinga kila kitu.

Nyie ni matarumbeta?

Hapana. Matarumbeta ni wale wanaopanda nyuma ya pikapu mbele ya gari la maharusi, wanazunguka mji mzima kutoka Igoma mpaka Capri Point, wana ngoma kubwa na hata ukiwa ndani umefunga mlango utajua leo kuna mtu kaoa. Tunawaheshimu sana, mwenzetu wa honi katokea hukohuko. Sisi tuko watano tu, tunakaa kwenye viti nusu duara: fluti, obo (nyembamba, ya mbao), klarineti, honi na basuni (bomba refu la mbao lenye sauti nzito). Ngoma hakuna, kinanda hakuna, spika hakuna. Huo mpangilio hatujaubuni sisi, uko dunia nzima na unaitwa kwinteti ya vyombo vya kupuliza.

Mmeandika "muziki wa chumbani", ndo upi huo?

Hili swali linakujaga na vicheko. Tulipoanza tuliandika hivohivo kwenye tangazo, watu wakatuma meseji za ajabu ajabu mpaka dada wa fluti akasema futa haraka. Sasa hivi tunasema muziki wa sebuleni na kwa kweli ndo maana yenyewe, zamani kule Ulaya matajiri walikuwa wanaita wanamuziki wachache nyumbani wawapigie wageni, si kanisani wala kwenye ukumbi mkubwa. Kilichobaki hadi leo ni sheria moja: kila mtu ana sehemu yake peke yake. Kwenye kwaya mkiwa soprano kumi na mbili, ukisahau mstari unachezesha mdomo tu, jirani anakubeba na mwalimu hajui (nimeimba kwaya miaka mingi, najua ninachosema). Hapa usipoingia pale pako panabaki shimo, na ukumbi mzima unalisikia.

Honi si ni ya gari?

Kaka, hapana. Ni bomba la shaba lililokunjwa mviringo kama konokono, ukilinyoosha linakaribia mita 3.7, mdomo wake mpana unatazama nyuma na mpigaji anaingiza mkono humo ndani. Wanaojua muziki wanauliza tofauti kidogo, kwamba shaba imefuata nini kwenye vyombo vya mbao. Ni kwa sababu sauti ya honi inakubaliana na kila mtu, ikipiga taratibu inajificha chini ya obo, ikipanda inashindana na fluti, inashika katikati pote. Mwenyewe anasema yeye ndo ugali na sisi wanne ni mboga. Maneno yake hayo, mimi simo.

Kwa vile mdomo unatazama nyuma, ukitualika tuwekee ukuta mgumu nyuma yetu, maana turubai linameza sauti yote ya honi. Siku moja tulifanyia mazoezi nje karibu na yale mawe makubwa, sauti ya honi ikagonga jiwe ikarudi, mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu akageuka kumtafuta aliyejibu.

Fluti ya chuma imekuwaje chombo cha mbao?

Ilikuwa ya mbao. Hii ya chuma ya siku hizi imetokana na ile aliyoitengeneza Mjerumani Theobald Boehm mwaka 1847, ukoo ukabaki uleule.

Nani alianzisha haya mambo?

Anayetajwa sana ni mtunzi Anton Reicha, mzaliwa wa Prague mwaka 1770, mwaka mmoja na Beethoven, na ujanani walikuwa okestra moja pale Bonn, Reicha kwenye fluti na Beethoven kwenye viola (ndugu mkubwa wa fidla). Baadaye Reicha akahamia Paris na huko akaandika kwinteti 24 za vyombo hivihivi vitano, ishirini na nne mtu mmoja! Hakuwa wa kwanza kabisa kuvikutanisha ila baada yake watu wakaona kumbe inawezekana, Franz Danzi naye wa Ujerumani akaandika zake 9. Sisi tulianza na Danzi kwa sababu Reicha ana tabia ya kumpa kila mtu pa kutesekea, na basuni wetu ni nesi, akitoka zamu ya usiku hana hamu ya mateso mengine.

Mbona hamna kondakta, nani anaanzisha?

Swali hili nalipenda. Anaanzisha yule mwenye wimbo kwa wakati huo, na anaanzisha kwa pumzi. Anavuta hewa kwa pua, anainua chombo kidogo, basi, na ile pumzi yenyewe ndo spidi, akivuta fupi na kali tunajua ni wa haraka, akivuta taratibu tunajua ni ule wa kulala. Tena usidhani ni kitu cha kujifunza wiki moja. Miezi ya mwanzo tulikuwa tunahesabu kwa sauti kama watu wanaosukuma mtumbwi majini na bado tulikuwa tunaingia kama daladala zinavyoingia stendi ya Buzuruga, kila mtu na lake.

Kilichotufundisha ni umeme. Tulikuwa mazoezini saa mbili usiku, ukakatika, giza totoro na hakuna mwenye chaji kwenye simu. Tukakaa. Kipande tulichokuwa nacho tulikuwa tumeshakirudia mpaka kimeingia kichwani, na mule gizani nikamsikia dada wa basuni anavuta hewa, hakusema kitu, na wote watano tukaingia sawasawa kama mtu mmoja kapiga. Tulikimaliza chote bila kuonana. Tangu siku hiyo hatujahesabu tena.

Vyombo vyenu vimetengenezwa wapi?

Vimetengenezwa mbali, ila mti ni wa kwetu. Klarineti na obo nzuri duniani zinatengenezwa kwa mpingo, mti uleule wa vinyago vya Wamakonde, unaota kusini huko Lindi, Mtwara, Ruvuma. Unakua polepole mno, inaweza kupita miaka 70 hadi 100 ndo ufae kuvunwa, na ni mzito kiasi kwamba kipande cha moyo wake ukikitupa ziwani hakielei, kinazama kama jiwe. Unakatwa, unapanda meli, unafika Ufaransa au Ujerumani unachongwa na kutobolewa na kuvishwa vifunguo vya fedha (vile vya kubonyeza kwa vidole), halafu unarudi Tanzania na bei ambayo mimi ningejengea msingi wa nyumba. Klarineti yangu ni mtumba na imegongwa neno Paris, na kila nikiifuta naona kama imenidanganya.

Sikatai, kazi ya kuitengeneza ni kubwa na haina mchezo. Ila mtoto wa Kitanzania akiniambia hiki ni chombo cha wazungu huwa nampa akishike kwanza, halafu namuuliza mti huo anaujua.

Na obo pia usiione ngeni, ni ndugu wa zumari la watu wa pwani, zote mbili zinalia kwa viulimi vinavyobanana mdomoni.

Yule wa obo anakwangua nini kila saa na kisu?

Ridi. Ndo hivyo viulimi nilivyosema, vinatoka kwenye mwanzi fulani ambao mzuri wake unalimwa kusini mwa Ufaransa, anavifunga kwa uzi kwenye kibomba kidogo chenye gome laini kama la kizibo cha chupa ya mvinyo halafu anavikwangua mpaka vinakuwa vyembamba ukivimulika unaona mwanga. Akikwangua kidogo hakilii, akizidisha kinalia kama mbuzi na hakuna namna ya kurudisha. Kazi yake ya kila siku ni fundi simu pale mjini kwahiyo mkono anao, lakini bado kati ya ridi 5 anazotengeneza anafurahia 2, na hiyo aliyoifurahia Jumatatu ikifika Alhamisi hewa imebadilika nayo imebadilika. Anatembea na kikopo cha dawa chenye maji ya kuilowekea. Ukimkuta anaikodolea macho usimsalimie kwanza.

Ufundi wake huo huo ndo unatuokoa maana skrubu za vifunguo vyetu ni ndogo kama za simu na fundi wa vyombo hivi hapa Mwanza hatujampata. Obo yake yenyewe ilishapasuka mara moja. Aliisafirisha kwa basi la AC kutoka Dar, baridi na ukavu njia nzima, akashuka Nyegezi kwenye joto, akaanza kupiga hapohapo kumwonyesha shemeji yake, ikafanya tak! Ufa kama unywele. Ikabidi izibwe kwa gundi na kuwekewa pini. Siku hizi akisafiri nayo anaikumbatia ndani ya kanga, na akifika anaiacha saa nzima izoee.

Eti kuna kundi la Marekani lina jina la Kiswahili?

Ni kweli, Imani Winds, wapo New York tangu 1997, na ni vyombo hivihivi vitano. Aliyelianzisha ni Valerie Coleman, mpiga fluti na mtunzi, na kipande chake kinachojulikana sana kinaitwa "Umoja". Alikitunga kwanza kwa kwaya ya wanawake, akakigeuza kuwa kwinteti, na mwaka 2019 kikapigwa na okestra ya Philadelphia nzima. Jina linatokana na Kwanzaa, ile sikukuu ya Wamarekani weusi iliyoanza 1966 ambayo misingi yake saba yote ina majina ya Kiswahili, wa kwanza Umoja, wa mwisho Imani. Tunakipiga sana. Kinaanza na honi peke yake, mwenzetu akimaliza ule mstari watu wa hapa huwa wanaanza kuimba bila kuambiwa, ingawa hawajawahi kukisikia.

Mnapiga nini kingine?

Inategemea wapi. Kwenye ukumbi tunaweka Danzi, tunaweka vile vipande vitatu vifupi vya Jacques Ibert wa Ufaransa vya 1930 ambavyo ni vya kuchangamsha kweli, na tunaweka Carl Nielsen wa Denmark. Huyu Nielsen ana hadithi nzuri. Alimpigia simu rafiki yake mpiga piano, akasikia kwa nyuma watu wa kupuliza wanafanya mazoezi ya Mozart, akawafuata palepale, na 1922 akamaliza kuwaandikia kwinteti yao, kila mtu na tabia yake mle ndani. Mwishoni anachukua wimbo wa kanisani aliotunga mwenyewe halafu anaugeuza geuza, kuna mahali klarineti na basuni wanabaki wawili wanagombana kama majirani wa uani. Kabla ya wimbo huo kuna utangulizi ambao mtu wa obo anatakiwa abadilishe chombo achukue obo kubwa, na sisi obo kubwa hatuna, kwahiyo tunaruka tunaenda moja kwa moja kwenye wimbo. Mashabiki wa Nielsen mtusamehe.

Kanisani na kwenye shughuli tunapiga nyimbo za kwaya na nyimbo za Kisukuma, ule wa kulimia wa bugobogobo basuni inaupenda kuliko kitu chochote. Bongo fleva tunapiga mbili tatu mkitubembeleza.

Mnasoma solfa au nota za mistari?

Mistari, ila nusu yetu tulilelewa na solfa na bado tunafikiri kwa do re mi. Na hapa kuna mtego ambao walimu wa kwaya wakituletea nyimbo lazima waujue. Klarineti yangu ni ya B flati, nikiona C kwenye karatasi nikipuliza inatoka B flati. Honi ni ya F, yeye akisoma C inatoka F. Kwahiyo ukitoa kopi moja ukatugawia wote kama kwaya itatoka vurugu isiyo na jina, imeshatokea mbele ya askofu. Tuletee mapema tuandike upya. Na wimbo wako wa sauti nne tutautafutia sauti ya tano, usiogope, hapo ndo honi anapopata kazi.

Harusi mnakuja? Bei?

Tunakuja, bei tunaelewana, nusu mnatanguliza. Ila sisi ni wa kile kipindi watu wanaingia, wanasalimiana, wanakula. Msituweke baada ya dijei, masikio ya watu yakishazoea spika hawatatusikia hata tukilia. MC naye aambiwe asiongee juu yetu, hili nimeacha kulisema kwa upole.

Tunahitaji viti vitano visivyo na mikono, kivuli, na ukuta nyuma kama nilivyosema. Kama ni bustani ya ufukweni mjue kabisa kuanzia mchana upepo unachachamaa. Tulipiga sherehe moja saa kumi jioni, vibanio vya nguo vya kushikia karatasi tumesahau nyumbani, karatasi ya basuni ikanyanyuka ikapita juu ya keki ikatua majini na ikaanza kuelekea Ukerewe. Dada wa watu akaendelea kupiga kwa kubahatisha mpaka mwisho, macho makavu kabisa, na mjomba wa bibi harusi akaja kumtunza elfu kumi yeye peke yake kwa kuwa eti ndo pekee aliyekuwa hasomi.

Usiku kuna wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi. Wanafuata taa. Sisi kazi yetu ni kuvuta hewa kwa nguvu na mdomo wazi. Naomba taa isiwe juu ya vichwa vyetu, sitaeleza zaidi.

Umeme ukikatika?

Hatuna habari nao. Wote wanazima, sisi tunaendelea. Tuleteeni tochi za simu tu.

Kwa nini mnamwaga mate katikati ya wimbo?

Ni maji jamani! Hewa ya pumzi ina mvuke, ikikuta chuma cha baridi inageuka maji, kama kifuniko cha sufuria. Mengi ni hayo. Ukiona honi linazungushwazungushwa kama usukani wa fuso, ndo linatolewa hayo maji.

Mnaweza kupiga pamoja na kinanda chetu cha kanisa?

Tunaweza, ila tupe muda. Vyombo vya kupuliza vikipata joto sauti inapanda, na kinanda cha umeme hakipandi, kimekaa palepale, A yake (nota ya kupimia sauti) ni mitetemo 440 kwa sekunde. Misa ya saa nne chini ya bati tunakuwa tumeshakipita. Inabidi tuvute viungo vya vyombo vyetu nje kidogo kidogo mpaka tulingane, msifikiri vinaharibika.

Mwanangu anataka kujifunza, aanze na nini?

Aanze na filimbi ya plastiki ya shule, ni rahisi na inamfundisha pumzi na vidole. Klarineti aje akiwa na miaka kama 9 au 10, vidole viweze kuziba matundu. Honi asubiri meno ya mbele ya ukubwani yakae sawa. Basuni iacheni mpaka mikono ikue, bomba lake ni zaidi ya mita 2 limekunjwa katikati na kidole gumba cha kushoto peke yake kina vifunguo karibu kumi, hata mtu mzima huwa anakitazama kidole chake kwa huruma. Obo, muulizeni mwenyewe, mimi nikijibu atanipinga.

Msinunue zile klarineti za rangi ya pinki na bluu za mtandaoni. Tafuteni mtumba wa plastiki nyeusi uliotumika mashuleni, haupasuki kwa hali ya hewa yetu na hauogopi basi la AC.

Basuni inalipiwa nauli kwenye daladala?

Kesi hii imefika mbali. Konda mmoja alidai ni mzigo, mwingine akadai ni silaha, wa tatu akauliza kama ndani kuna mtu. Siku hizi dada anakaa siti ya mwisho dirishani, anailaza mapajani, analipa nauli moja na hafungui mjadala.

Nipige makofi lini?

Ukijisikia. Kule kwenye kumbi kubwa wanasubiri sehemu zote ziishe, hapa ukifurahi katikati furahi, hatutakukazia macho. Vigelegele pia tunapokea.

Kundi linaitwaje?

Bado. Tumegombana majina mwaka wa pili huu. Watu wanatuita "wale wa filimbi" na honi inamuuma.

Naweza kuja kuwaona mazoezini?

Karibu sana, Jumamosi saa nane mchana, darasa la watoto la kanisa huku Nyakato, nipigie nikuelekeze (kwa hili tu ndo unaruhusiwa kupiga). Zamani tulikuwa tunaanza saa tisa na nusu kwa sababu baba wa honi anatokea Sengerema na kivuko kilikuwa ndo kisingizio, lakini daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 anapita dakika chache, kisingizio kimekwisha na anafika kabla yangu. Viti ni vile vidogo vya chekechea, vaa nguo ya kukalia. Ila ukifika mlangoni ukakuta kumenyamaza ghafla, halafu ukasikia mtu anavuta hewa kwa pua, usigonge. Subiri hapohapo nje.